Johann Ludwig Krapf na Hesabu ya Siku katika Njia ya Ukambani

Utangulizi

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kila anayesoma historia ya isimu ya lugha hii hukutana naye mapema, akiwa mtunzi wa sarufi ya kwanza ya Kiswahili iliyochapishwa na wa kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882. Aghalabu maisha yake husimuliwa kwa mfululizo wa tarehe: alizaliwa lini, alifika Mombasa lini, aliuona Mlima Kenya lini, akafa lini. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: tarehe hizo zilihesabiwa kwa kalenda ya nani?

Swali hilo si la mchezo. Krapf aliishi miongoni mwa watu waliohesabu saa, siku na miaka kwa namna zilizohitilafiana. Uhabeshi walikuwa na hesabu yao, waungwana wa Mombasa yao, na Wakamba wa Kitui na Makueni yao. Yeye aliandika kwa hesabu moja na kuishi katika nyingine. Leo tatizo hilohilo limerudi kwa sura mpya katika kompyuta, pale ambapo mashine iliyo Kitui hupeleka kumbukumbu za tarehe na saa katika hifadhidata iliyo ng'ambo. Makala haya yanasimulia maisha ya Krapf kwa kuuzingatia upande huo uliosahaulika.

Malezi na miaka ya Uhabeshi

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Tangu utotoni alionyesha kipaji cha lugha, na baada ya masomo ya umisionari mjini Basel aliingia katika utumishi wa shirika la Waingereza la Church Missionary Society. Mwaka 1837 alipelekwa Uhabeshi, nchi ambayo leo yaitwa Ethiopia, na baadaye akafanya kazi katika ufalme wa Shoa uliotawaliwa na Sahle Selassie.

Huko alikutana na hesabu ya majira isiyofanana na ya kwao. Mwaka wa Kihabeshi huanza mwezi wa Septemba. Una miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini, na mmoja mdogo wa siku tano au sita. Idadi ya miaka iko nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka saba au minane, kutegemea kama mwaka mpya umekwisha kuingia au la. Saa nazo huhesabiwa tangu mapambazuko, wala si tangu usiku wa manane. Kwa hiyo yeyote aliyepanga jambo na watu wa nchi hiyo ilimlazimu kujua kwanza mwaka gani, mwezi gani na saa gani inayokusudiwa.

Mwaka 1842 Krapf alizuiwa kurudi Shoa. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, na hatimaye akaamua kuitafuta njia nyingine ya kuingia bara kutoka pwani ya Waswahili.

Mombasa na Rabai

Krapf aliwasili Unguja mwezi wa Januari 1844 na kupokewa na Sayyid Said, aliyempa ruhusa ya kukaa katika miliki yake. Mnamo Mei mwaka huo alihamia Mombasa. Msiba ukamfika upesi. Katika mwezi wa Julai 1844 mkewe alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Pamoja na majonzi hayo, kazi ya lugha haikukoma. Kwa msaada wa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huohuo wa 1844. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na wawili hao wakahamia Rabai, kati ya Wamijikenda.

Mombasa ilikuwa na zaidi ya hesabu moja ya majira. Kwa ibada na mambo ya sheria, watu walifuata mwaka wa Hijria, wenye miezi ya mwandamo, mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo kumi na moja. Kwa kilimo na ubaharia, walikuwapo waliofuata mwaka wa jua unaoanzia Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ambao siku zake hugawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Siku yenyewe ilianza magharibi, jua lilipotua. Kwa sababu hiyo usiku wa Ijumaa kwa Mswahili wa zama hizo ulitangulia mchana wa Ijumaa, ilhali kwa Mzungu usiku huo ulikuwa bado ni wa Alhamisi. Msemo wa usiku wa kuamkia Ijumaa, unaotumiwa sana na watangazaji na waandishi wa magazeti, ni daraja ambalo lugha imelijenga baina ya hesabu hizo mbili ili msikilizaji asipotee.

Saa za Kiswahili nazo zina mantiki yake. Karibu na Ikweta jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, na tofauti haizidi sana nusu saa. Mahali kama hapo mawio ni alama thabiti ya kuanzia kuhesabu. Jua likisha kutimiza saa moja angani, ni saa moja. Likifika utosini, ni saa sita. Ulaya ya kaskazini isingeweza kuhesabu hivyo, kwa kuwa huko mawio ya Juni na ya Desemba hupishana kwa saa kadhaa. Saa ya Mzungu na saa ya Mswahili zapishana kwa saa sita kamili, lakini zote mbili zaelekeza jua lilelile.

Safari ya kwanza ya Kitui

Katika miaka ya 1840 Wakamba walikuwa wafanyabiashara mashuhuri wa masafa marefu baina ya bara na pwani. Misafara yao ilileta pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya za shaba. Mmoja wa viongozi wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Kivui wa Mwendwa wa Kitui, ambaye sifa zake zilienea mpaka pwani. Njia aliyoizoea Kivui ndiyo aliyoifuata Krapf.

Krapf aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849. Alipitia nyika ya Taita, akavuka nchi ya Kikumbulyu iliyo katika Makueni ya leo, upande wa Kibwezi, akavuka Mto Athi na kupanda nyanda za Yatta. Mwishoni mwa mwezi huo alifika kwa Kivui, akapokewa vema.

Wakamba hawakuuita mwezi huo Novemba. Kwao yalikuwa majira ya mvua ya nthwa, mvua ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea kuliko ile ya uua inayonyesha kati ya Machi na Mei. Kalenda ya Mkamba ilikuwa ya mvua na mwezi wa angani, nayo ilimweleza msafiri jambo ambalo neno Novemba peke yake halimwelezi: kama atapata maji njiani au atakufa kwa kiu.

Ni Kivui aliyemweleza Krapf habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, ambao yeye aliwahi kuuona katika safari zake. Jina aliloliandika Krapf kwa matamshi aliyoyasikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la mlima kwa Wazungu, kisha likawa jina la nchi nzima.

Tarehe 3 Desemba 1849

Kwa siku kadhaa mawingu yaliuficha mlima. Hatimaye, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona kwa macho yake kutoka nchi ya Kitui, ukiwa na vilele viwili kama pembe.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu kwa hesabu ya Ulaya. Kwa kadhi wa Mombasa ilikuwa katikati ya Muharram, mwaka 1266 wa Hijria, mwaka ambao ulikuwa umeanza siku chache tu zilizopita. Kwa marafiki wa Krapf waliobaki Shoa ilikuwa mwezi wa Hidar, mwaka 1842. Kwa Kivui ilikuwa siku ya majira ya nthwa. Majina manne, siku moja. Hakuna hata mmoja wao aliyekosea, lakini anayelisikia jina moja bila kujua kalenda yake aweza kukosea kwa miaka mia kadhaa.

Habari hizo zilipofika Ulaya zilizua ubishi. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro tangu Mei 1848, na mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Wamisionari hao walidhaniwa kuwa waliona miamba meupe. Silaha yao ilikuwa daftari: mahali, siku, na mtu aliyewaeleza. Ubishi juu ya Mlima Kenya ulikwisha kabisa baada ya Joseph Thomson kuufikia upande wake wa magharibi mwaka 1883. Wakati huo Krapf alikuwa amekwisha kufa.

Kifo cha Kivui

Baada ya kwenda Ulaya mwaka 1850, Krapf alirudi na nia ya kuanzisha kituo cha misheni Ukambani. Aliondoka Rabai tena mwezi wa Julai 1851. Safari hii haikuwa majira ya mvua. Ukambani ilikuwa katika kiangazi kirefu kinachotenganisha uua na nthwa. Katika nyika walishambuliwa na wanyang'anyi, na makao ya Yatta hayakumfaa.

Akaenda kwa Kivui, wakafuatana kuelekea Mto Tana. Mwishoni mwa Agosti 1851, karibu na mto huo, msafara ulivamiwa. Kivui aliuawa na watu wake wakatawanyika. Krapf alikimbia porini akiwa peke yake. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akajaza maji katika mitutu ya bunduki na katika ala ya darubini, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Mchana alijificha na usiku akatembea. Alipofika kwa jamaa za Kivui hali haikuwa salama, maana wapo waliomlaumu kwa kunusurika wakati mwenyeji wake amekufa. Akatoroka usiku, akafika Yatta na mwishowe Rabai. Mpango wa kituo cha Ukambani ukafa pamoja na Kivui.

Hapa pana jambo la kuhuzunisha. Kifo cha Kivui kina tarehe katika vitabu kwa sababu Mzungu mmoja aliyenusurika alikuwa na kalenda yake. Mwaka wa kuzaliwa kwa Kivui, majira aliyoanza kuongoza misafara, msimu ambao yeye mwenyewe aliuona mlima kwa mara ya kwanza, yote hayo hayamo, kwa kuwa yalihesabiwa kwa mvua na vizazi, na hakuna aliyeyapokea kwa wenyewe na kuyalinganisha na hesabu nyingine kabla hayajapotea. Mlima una tarehe ya kuonwa na mgeni. Haina tarehe siku ulipoonwa na yule aliyemwonyesha mgeni.

Kazi za lugha na miaka ya mwisho

Mwaka 1850 ulikuwa mwaka wa mavuno. Ndipo ilipochapwa sarufi yake fupi ya Kiswahili, pamoja na msamiati linganishi wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo. Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa mwaka huohuo mjini Tübingen. Uamuzi wake wa kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi, badala ya hati za Kiarabu zilizokuwa zikitumiwa na Waswahili wenyewe, uliacha alama ambayo bado ipo.

Afya mbaya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Mwaka 1854 alipeleka miswada ya tendi za Kiswahili katika maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki huko Halle, miongoni mwake nakala ya Utendi wa Tambuka. Utendi huo hutoa funzo dogo kuhusu tarehe. Hutajwa kwa kawaida kuwa ni wa mwaka 1728, lakini mwaka unaohusika ni 1141 wa Hijria, ulioanza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Mwenye kuandika 1728 peke yake ameshaifanya tafsiri, na katika kutafsiri amejiamulia jambo ambalo mwaka wenyewe hausemi.

Mwaka 1862 Krapf alikuja tena pwani kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na mwishoni mwa 1867 aliandamana na jeshi la Waingereza kwenda Uhabeshi akiwa mkalimani, akarudishwa na maradhi. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata.

Saa za Ukambani baada ya Krapf

Wakati wa uhai wa Krapf kila mji ulikuwa na saa yake ya jua. Jua hufika utosini Mombasa kama dakika saba kabla ya kufika utosini Kitui, na hapakuwa na aliyesumbuliwa na dakika hizo, maana msafara ulikwenda kwa majuma. Mkutano wa Washington wa Oktoba 1884 uliamua kwamba hesabu ya dunia ianzie Greenwich. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, karibu na njia ya misafara ya zamani, na ratiba ya gari moshi ikahitaji saa moja kwa vituo vyote.

Saa hiyo haikuwa moja siku zote. Mwaka 1908 nchi iliwekwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Hiyo ni saa ya jua ya mstari wa nyuzi 37½ mashariki, unaopita Makueni karibu na Emali. Mwaka 1928 ikawa saa tatu. Mwaka 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu. Mwaka 1937 ikawa saa mbili na dakika arobaini na tano, na mwaka 1942 ikawa saa tatu, ilivyo hadi leo. Saa tatu ni jua la nyuzi 45, upande wa Mogadishu. Kwa hiyo saa ya ukutani Kitui inapoonyesha saa sita mchana, jua kwa wastani bado lina kama dakika 28 kufika utosini.

Mabadiliko hayo yote yamehifadhiwa katika kumbukumbu ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta, chini ya jina la Nairobi, kwa sababu tarakimu ya saa haina maana bila kujua mahali na mwaka. Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa Kitui usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 1 Julai 2025, saa saba na nusu. Seva ya ng'ambo inayofuata saa ya Greenwich husema ni Jumatatu tarehe 30 Juni, saa nne na nusu usiku. Zote mbili ni kweli. Lakini kompyuta ya Kitui ikipeleka saa yake bila kutaja ni ya wapi, seva huidhania kuwa ya Greenwich, na msomaji wa Kitui akiirudisha huongezewa saa tatu ambazo hazikuwapo. Tena, anayeikata tarehe kutoka katika saa ya seva humpa mtoto siku, na hata mwezi, ambao si wake.

Wataalamu wameafikiana juu ya njia. Tukio lililokwisha kutokea huhifadhiwa kwa saa moja ya dunia, na ijulikane hivyo kwa pande zote. Kugeuza kuwa saa ya mahali hufanywa pale linaposomwa. Tarehe ya kuzaliwa huhifadhiwa kama tarehe ya mahali, bila kugeuzwa kamwe. Miadi ya siku zijazo huwekwa pamoja na jina la mahali, wala si tofauti ya saa peke yake, kwa kuwa serikali zaweza kubadili saa kama ilivyotokea Kenya mara nne baada ya 1908.

Hitimisho

Krapf alishika kalenda moja katika daftari lake na akaandika mahali alipokuwa. Kwa njia hiyo ushahidi wake ulisimama mbele ya wabishi na bado unasomeka. Upungufu ni kwamba hesabu ya mwenyeji haikupewa safu yake katika daftari. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Kitui au Makueni kukusanya masimulizi, kazi iko wazi. Mzee akisema jambo lilitokea katika mvua ya nthwa ya mwaka wa njaa fulani, aandike maneno hayo kama yalivyotamkwa, kisha kando yake aweke mwaka anaoukadiria na sababu ya makadirio. Anayeandika makadirio peke yake amemfuta shahidi, na hataweza kumrudisha atakapogundua kwamba alikosea.